Kutoka Bomani hadi Uzamivu: Utafiti wa Wanyamapori Kajiado na Njia ya Kijana Anayetaka Kuufanya

Wakazi wengi wa Kitengela, Empakasi, Sholinke na Isinya wamewahi kutembelewa na mtu mwenye daftari, kifaa cha GPS na maswali mengi. Huuliza boma lina ng'ombe na mbuzi wangapi, simba alivamia lini, ua wa seng'enge ulijengwa mwaka gani na nyumbu walionekana hapo mara ya mwisho lini. Mara nyingi mgeni huyo ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, yaani PhD, katika biolojia ya uhifadhi. Akishajibiwa hushukuru na kuondoka, na mkazi hubaki akijiuliza majibu yake yalikwenda wapi.

Wazazi nao wana swali lao: je, mtoto aliyekulia hapa akichunga ng'ombe kando ya pundamilia anaweza naye kuwa mtafiti wa aina hiyo? Itachukua miaka mingapi, itagharimu nini, na mwishowe kuna kazi?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu yanahusiana. Ardhi ya Kajiado imesomwa na watafiti kwa zaidi ya nusu karne, na baadhi ya yale yanayojulikana duniani kuhusu tembo, simba na nyumbu yalijulikana kwanza hapa. Wakazi wana haki ya kujua utafiti huo hufanywaje, na vijana wao wana nafasi ya kuufanya wenyewe.

UZAMIVU NI NINI?

Neno uzamivu linatokana na kuzamia. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza husoma mambo mengi kwa upana. Wa uzamili huanza kubobea katika eneo moja. Wa uzamivu huchukua swali moja ambalo bado halina jibu, akazama nalo kwa miaka kadhaa mpaka alete jibu jipya linaloweza kukaguliwa na wataalamu wengine. Kazi hiyo huandikwa katika kitabu kinachoitwa tasnifu, na mwenyewe hukaa mbele ya jopo la wataalamu kuitetea.

Biolojia ya uhifadhi ni taaluma inayochunguza kwa nini wanyama na mimea hupungua au kutoweka, na nini kifanywe ili vibaki. Ingawa jina lake lina biolojia, mtafiti wa fani hii hulazimika pia kuelewa bei ya ardhi, ukame, sheria, mifugo na mawazo ya watu. Katika kaunti ambayo wanyamapori wengi huishi au hupita kwenye ardhi ya watu binafsi na ya jamii, mambo hayo hayawezi kutenganishwa.

MFANO WA TAA ZA BOMANI

Hakuna mfano unaoeleza kazi ya uzamivu vizuri kuliko taa zinazomulika na kuzima usiku kwenye maboma yaliyo kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Taa hizo zilijulikana kupitia Richard Turere, kijana wa jamii ya Wamaasai aliyekulia kando ya mbuga hiyo. Akiwa bado mtoto wa shule, aligundua kwamba simba hukwepa mwanga unaotembea. Aliunganisha betri, paneli ya jua na balbu ndogo ili zimulike kwa zamu, simba adhani kuna mtu anazunguka boma na tochi. Mwaka wa 2013 alieleza ubunifu huo katika jukwaa la TED nchini Marekani. Majirani walianza kuweka taa kama hizo.

Ubunifu ulikuwa umepatikana, lakini maswali yalibaki. Je, taa zinafanya kazi kweli, au ni bahati ya msimu? Simba aliyezuiwa boma hili anakwenda wapi? Je, atazizoea?

Hapo ndipo mtafiti alipoingia. Francis Lesilau, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), alifanya utafiti wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kuhusu migogoro kati ya watu na simba wanaozunguka Mbuga ya Nairobi. Sehemu ya kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka wa 2018 pamoja na watafiti wenzake, iliwahoji wenye maboma 80. Maboma 43 yalikuwa na taa na 37 hayakuwa nazo. Mashambulizi yaliyolinganishwa yalitokea kati ya mwaka wa 2007 na 2016.

Matokeo yalikuwa matatu. Kwanza, maboma yenye taa yalishambuliwa mara chache zaidi kuliko yasiyo na taa. Pili, taa zilipoongezeka, mashambulizi yalisogea mbali na mpaka wa mbuga, kuelekea maboma ambayo bado hayakuwa na taa. Tatu, visa vya simba kukamata mifugo mchana viliongezeka ikilinganishwa na vya usiku.

Jambo la kwanza wenye maboma walikuwa wakilihisi. Yale mawili ya mwisho yasingeonekana kwa kuangalia boma moja. Yalihitaji mtu wa kukusanya kumbukumbu za maboma mengi kwa miaka kumi na kuzilinganisha kwa takwimu. Faida yake kwa mfugaji ni ya moja kwa moja: taa za jirani hazimlindi asiye na taa, bali zinaweza kumwelekezea simba. Na boma likishawekwa taa, macho ya ziada yanahitajika malishoni mchana.

Hiyo ndiyo kazi ya uzamivu. Jibu la swali la nyumbani linapimwa hadi liweze kutegemewa na mtu ambaye hakuwepo.

TAMBARARE ZINAZOPUNGUA

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1946 na ina ukubwa wa kilomita mraba 117. Imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, ambako mto ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Kajiado. Wakati wa mvua wanyama walao nyasi hutoka mbugani kwenda kwenye tambarare za Athi-Kaputiei, na wakati wa kiangazi hurudi kutafuta maji. Kwa hiyo mbuga hiyo haijitoshelezi. Uhai wake unategemea ardhi ya wakazi wa Kitengela na majirani zao.

Ardhi hiyo imebadilika haraka. Ranchi ya pamoja ya Kitengela ilianza kugawanywa kwa wanachama katika miaka ya 1980, na baadaye viwanda, barabara na ploti za nyumba vikafuata. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado, na zaidi ya 150,000 kati yao wakiwa katika mji wa Kitengela.

Wanyama walihesabiwa pia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, idara ya serikali inayojulikana kama DRSRS imekuwa ikipiga hesabu ya wanyamapori na mifugo kwa ndege. Mwaka wa 2013 kundi la watafiti likiongozwa na mtaalamu wa takwimu Mkenya, Joseph Ogutu, lilichapisha uchambuzi wa hesabu hizo kwa eneo la Mbuga ya Nairobi na tambarare za Athi-Kaputiei. Nyumbu wanaohama walikuwa wameporomoka kutoka makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi maelfu machache kufikia mwaka wa 2011.

Kuporomoka huko hakukuwa kwa ghafla kwa watafiti. Helen Gichohi, Mkenya, alikuwa ametafiti nyasi za Mbuga ya Nairobi kwa shahada ya uzamili, kisha akachunguza tambarare za Athi-Kaputiei kwa uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, katika miaka ya 1990. Alizieleza kama mfumo wa ikolojia uliokatwa vipande. Baadaye alikuwa rais wa Wakfu wa Wanyamapori wa Afrika (AWF), na mwaka wa 2003 aliandika kuhusu jaribio la kuwalipa wenye ardhi ili ushoroba wa wanyama usifungwe.

Jaribio hilo lilianza mwaka wa 2000. Mwenye ardhi aliyejiunga alilipwa dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka. Kwa upande wake alikubali kutoweka ua, kutochimba mawe na kutoruhusu uwindaji haramu, huku akiendelea kulisha mifugo yake. Malipo yalipangwa yafike karibu na wakati wa kulipa karo. Kwa familia nyingi, nyumbu aliyepita shambani akawa na uhusiano na mtoto kubaki shuleni.

Wakazi wenyewe pia walishika vifaa vya utafiti. Katika mradi wa Reto-o-Reto, jina la Kimaa lenye maana ya kusaidiana, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ilifanya kazi na vijana wa Kitengela waliotembea na GPS kuchora ramani ya kila ua. Ramani hizo zilionyesha wazi ni njia zipi za wanyama zilizobaki wazi na zipi zimefungwa, jambo ambalo ni msingi wa kupanga matumizi ya ardhi.

Mmoja wa waliounganisha watafiti na jamii katika mradi huo alikuwa David Nkedianye, mwenyeji wa eneo hili, aliyesomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Utafiti alioongoza, uliochapishwa mwaka wa 2011, ulichunguza uhusiano kati ya kuhamahama na vifo vya mifugo katika nchi ya Wamaasai wakati wa ukame wa 2005 na 2006. Aliwahi kuwa gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kajiado, kuanzia 2013 hadi 2017. Mtoto wa mfugaji alichukua swali ambalo kila mfugaji hujiuliza wakati wa ukame, nihame au nikae, akalipeleka chuo kikuu.

SHULE YA DUNIA AMBOSELI

Kusini mwa kaunti, Amboseli imekuwa darasa la watafiti kwa miongo mingi. David Western alianza utafiti huko mwaka wa 1967 na akapata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alionyesha kwamba wanyama wa Amboseli hutegemea sana ardhi ya jamii nje ya mbuga, na hivyo uhifadhi hauwezi kusimama bila wenye ardhi kunufaika. Aliongoza KWS katika miaka ya 1990.

Utafiti wa tembo ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka wa 1972 unaendelea hadi leo. Ndani ya mradi huo, Joyce Poole aliyesomea uzamivu Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza hali ambayo dume la tembo wa Afrika huingia anapotafuta majike: hutokwa na majimaji kando ya jicho, mkojo humdondoka na huwa mkali kupita kawaida. Kabla ya hapo ilidhaniwa hali hiyo ni ya tembo wa Asia tu. Kwa mkazi wa Loitokitok anayekutana na tembo njiani, kuzitambua dalili hizo kunaweza kuokoa maisha.

Mwaka wa 2007 ulianzishwa mpango wa Lion Guardians, unaoajiri wamorani kuwafuatilia simba na kuwaonya wafugaji. Ulitokana na utafiti wa Leela Hazzah, aliyekaa na jamii akiuliza kwa nini simba wanauawa. Yeye na mwanzilishi mwenzake, Stephanie Dolrenry, walipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani. Lakini kazi ya kila siku hutegemea ujuzi wa wamorani, ambao wengi wao hawakupata nafasi ya kusoma sana. Wanajua kusoma nyayo kuliko daktari yeyote wa chuo kikuu.

NJIA YA MASOMO, HATUA KWA HATUA

Kijana anayetaka kufika huko anahitaji kuijua njia mapema.

Shule ya upili. Biolojia, kemia na hisabati ndizo nguzo, na jiografia husaidia. Kwa wanaofanya mtihani wa KCSE, kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ni C+. Kwa wanafunzi wa mtaala wa umilisi, njia ya sayansi na teknolojia (STEM) katika shule ya sekondari ya juu ndiyo inayoelekea huko.

Shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne. Kozi zinazofaa ni usimamizi wa wanyamapori, zoolojia, ikolojia, sayansi ya mazingira, usimamizi wa nyanda za malisho au udaktari wa mifugo, ambao huchukua muda mrefu zaidi. Vyuo vya umma kama Nairobi, Eldoret, Egerton, Kenyatta, Maasai Mara na Karatina hufundisha masomo ya eneo hili.

Uzamili, takriban miaka miwili. Hapa ndipo mwanafunzi hujifunza kufanya utafiti mdogo kikamilifu. Takwimu na ramani za kompyuta hujifunzwa kwa bidii wakati huu, kwa sababu asiyezijua hukwama baadaye.

Uzamivu, angalau miaka mitatu, na mara nyingi zaidi. Mwombaji hutafuta kwanza msimamizi, yaani profesa anayefanya kazi kuhusu swali linalofanana na lake. Huandika pendekezo la utafiti: swali lenyewe, sababu ya kuuliza, mbinu, muda na bajeti. Pendekezo likipita, huomba kibali cha maadili na leseni ya utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), pamoja na idhini ya taasisi zinazosimamia wanyamapori. Ndipo huja mwaka mmoja au miwili ya kazi ya nyanjani, kisha uchambuzi, uandishi na utetezi wa tasnifu. Kwa kawaida vyuo humtaka pia awe amechapisha makala katika majarida ya kitaaluma.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mwanafunzi ahakikishe kwamba programu anayojiunga nayo imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

GHARAMA NA UFADHILI

Ada ya chuo ni sehemu moja tu ya gharama. Kazi ya nyanjani huhitaji mafuta ya gari, wasaidizi, vifaa na wakati mwingine vipimo vya maabara. Wengi wanaokwama hukwama hapo, hata baada ya kupasi mitihani yote. Kwa hiyo bajeti iandikwe kabla ya kuanza.

Ufadhili hutafutwa sehemu kadhaa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) ina mipango ya wanafunzi wa shahada za juu. Hazina ya Taifa ya Utafiti (NRF) hutoa ruzuku za utafiti inapotangaza nafasi. Shirika la Ujerumani la DAAD hufadhili wanafunzi wa Kenya na wa kanda hii, na Jumuiya ya Madola hufadhili masomo nchini Uingereza. ILRI, yenye makao yake Nairobi na kituo cha utafiti cha Kapiti katika kaunti jirani ya Machakos, hupokea wanafunzi wanaofanya utafiti chini ya miradi yake. Masharti na tarehe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tangazo lisomwe kwenye tovuti rasmi ya mfadhili. Ufadhili halali haumtaki mwombaji atume pesa kwa mtu binafsi ili "apewe nafasi".

SI KILA KAZI INAHITAJI PhD

Wazazi wanashauriwa kupima jambo hili kwa utulivu. Uzamivu unafaa anayetaka kufundisha chuo kikuu, kuongoza utafiti katika KWS, Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori (WRTI) au mashirika ya kimataifa, au kushauri serikali kuhusu sera. Nafasi hizo si nyingi na ushindani ni mkali.

Anayetaka kuwa askari wa wanyamapori, msimamizi wa hifadhi ya jamii, mwongoza watalii au fundi wa ramani anaweza kufika kwa cheti, diploma au shahada ya kwanza. WRTI, iliyoko Naivasha, hutoa mafunzo ya ngazi za cheti na diploma. Wapo pia wanaoanza kama wasaidizi wa watafiti vijijini mwao na kuendelea na masomo baadaye wakiwa tayari wana uzoefu ambao vyuo huuthamini.

MKAZI ANAPOTEMBELEWA NA MTAFITI

Mtafiti anapofika bomani, mkazi ana haki hizi:

• Kuona leseni ya NACOSTI na kitambulisho cha chuo. Mtafiti mwenye utaratibu huripoti pia kwa ofisi za serikali za eneo na kwa chifu.

• Kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, utafiti unahusu nini, utachukua muda gani na majibu yatatumiwaje.

• Kukataa, au kuacha katikati, bila kuadhibiwa wala kunyimwa huduma yoyote.

• Kulindiwa taarifa zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahusu majina, namba za simu, picha na mahali boma lilipo.

• Kuuliza kuhusu sampuli. Anayechukua damu, manyoya, mimea au kinyesi cha wanyama kwa uchunguzi wa vinasaba anahitaji idhini zaidi, ikiwemo ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), hasa kama sampuli zitatoka nje ya nchi.

• Kuomba matokeo. Hili ndilo husahaulika zaidi. Kikao, wanakijiji wanaweza kuliweka kama sharti tangu siku ya kwanza: ukimaliza, rudi utuambie ulichokiona.

Kwa upande wao, wakazi wanaombwa kutoa majibu ya kweli. Mfugaji akiongeza idadi ya mbuzi walioliwa akitarajia fidia, au akipunguza idadi ya ng'ombe akihofia kodi, hesabu yote huharibika na uamuzi utakaofuata utamwumiza yeye na jirani yake.

SWALI LIANZIE HAPA

Watafiti waliotajwa hapo juu, wenyeji na wageni, walianza na jambo ambalo wakazi walikuwa tayari wanaliona: nyumbu wamepungua, simba amehamia mchana, tembo huyu si mtulivu kama yule. Kijana wa Kajiado anayaona hayo kabla hajafika darasa la nne. Anajua njia ya zamani ya pundamilia ilipita wapi kabla ya ploti kuuzwa, na anajua ni nani wa kuulizwa.

Kinachobaki ni kuyaandika. Mwanafunzi anayependa wanyama aanze sasa na daftari: tarehe, mahali, mnyama, idadi, mvua. Walimu wa sayansi na vilabu vya wanyamapori shuleni wanaweza kumwongoza. Daftari la miaka mitano lililoandikwa kwa uaminifu huko Olooloitikosh au Kisaju lina thamani kwa mtafiti yeyote, na mwenye daftari hilo akifika chuo kikuu, swali la kuzamia atakuwa nalo mkononi tayari.